Porsche 911 na sura yake ya tangu 1963: gari ya michezo ya zamani ibadilishwe kidogo kidogo au ipigwe chini ianze upya? (uzi mrefu)

#1 FundiBodi_Kisauni

Salaam wakuu, habari za jioni.

Nina jambo linanisumbua wiki ya pili sasa nikaona bora nililete hapa kwa wapenda magari wenzangu, maana kule gereji tumebishana mpaka chai imepoa na hatujafika popote. Mi ni fundi wa bodi na rangi hapa Mombasa, kazi zangu nyingi ni Probox zilizogongwa na matatu za kunyoosha, lakini mara moja moja inaingia gari ya kukufanya unawe mikono kabla hujaishika. Mwezi uliopita imeingia Porsche 911 SC ya 1982. Imelala chini ya mwembe miaka mingi, mwenyewe kaachiwa na marehemu babake, sasa anataka ifufuke. Lakini anataka hivi: ning'oe mbele yote, niweke boneti ndefu na bampa nyembamba za kromu ifanane na zile za kabla ya 1974, halafu taa za mbele ziwe za kisasa za LED. Kijana wangu wa gereji akadakia, "bosi hawa Wajerumani wavivu tu, miaka sitini wanauza gari moja, mi ningekuwa mkubwa wao ningeipiga chini nianze moja". Nikashindwa kulala.

Kwanza tuelewane hiyo sura imetoka wapi maana wengi wanadhani ni urembo. Ilionyeshwa Frankfurt Septemba 1963 ikiitwa 901, Peugeot wakalalamika kwamba namba tatu zenye sifuri katikati ni haki yao kule Ufaransa, basi sifuri ikageuzwa moja na ikaingia sokoni 1964 kwa jina la 911. Aliyeichora ni Ferdinand Alexander Porsche, mjukuu wa mzee mwenyewe. Injini lita 2, silinda sita zimelala tatu kushoto tatu kulia, inapozwa kwa hewa na oili, rejeta ya maji hakuna, farasi 130, na imekaa nyuma kabisa, yaani nyuma ya ekseli ya nyuma. Kila kitu kinaanzia hapo. Kwa vile injini iko nyuma na imelala, mbele hakuna kitu cha kuinua boneti, basi boneti imeshuka chini kuliko madigadi. Rejeta hakuna, basi mdomo wa kuvuta hewa mbele hauhitajiki. Na paa lazima literemke polepole mpaka kwenye bampa ya nyuma ili lifunike injini na bado vipatikane viti viwili vidogo vya watoto. Ukimpa mtu mwingine vitu hivyo hivyo avifunike bati, atatoka na kitu cha kukaribiana na hicho.

Juzi jioni vijana wameshaenda nikaingia nikakaa ndani, sponji ya kiti imeoza imebaki unga, nikashika usukani nikatazama mbele. Unaona madigadi mawili yamenyanyuka kama magoti ya mtu aliyelala chali chini ya shuka, boneti iko bondeni katikati. Unajua kabisa taili lako la kulia liko wapi, huhitaji kuhisi wala kukisia. Miaka yote nimekaa kwenye magari sijawahi kuona gari inayokuonyesha miguu yake namna ile.

Na msidhani hawakujaribu kubadilisha. Walijaribu tena kwa hela nyingi. 1977 walileta 928, V8 mbele, inapozwa kwa maji, bodi laini kama kokoto la mtoni, na ilikuwa gari nzuri kwa kweli, ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1978. Mkubwa wa kampuni wakati ule, Ernst Fuhrmann, aliona huyo ndo mrithi na 911 ikawa inasubiri kuzikwa. Akaja Peter Schutz kuchukua nafasi yake 1981. Mwenyewe amesimulia kwamba aliingia ofisini kwa Helmuth Bott, mkuu wa uhandisi, akakuta ukutani chati ya mipango, mistari ya magari mengine inaendelea miaka mbele huko, ya 911 imeishia 1981. Akachukua kalamu nene akauvuta ule mstari mpaka ukatoka nje ya chati ukaenda ukutani. 928 imekufa 1995. 911 ya milioni moja imetoka kiwandani Mei 2017.

Kwa hiyo msimamo wangu mi ni mageuzi ya taratibu. Sura ibaki, ndani mbadilishe mnavyotaka. Nipingeni kwa hoja, na mniambie pia huyu mteja nimjibu nini.

#2 Silinda8

Mkuu fundi uzi mtamu ila nakupinga mapema kabisa. Angalia Corvette, ile gari ya michezo ya Chevrolet ya Marekani. Tangu 1953 injini mbele, boneti ndefu, watu wakaapa ukigusa hiyo umeua Corvette. Julai 2019 Chevrolet wakaleta C8, yaani kizazi cha nane, injini iko mgongoni mwa dereva, na giaboksi ya mkono wakaitoa kabisa haipo hata ukiomba. Wazee wa Marekani walipiga kelele sana. Haya ikauzika au haikuuzika? Watu walipanga foleni.

Na hawakufanya kwa ajili ya kujionyesha. Ile ZR1, toleo la nguvu zaidi la kizazi kilichotangulia, ilifika farasi 755 zote zinapelekwa matairi ya nyuma huku uzito wa injini uko mbele, ukikanyaga mafuta taili linajizungukia tu. Ilikuwa imegonga ukuta. Ukigonga ukuta unabadilisha njia, huendelei kuupaka rangi ule ukuta. Hiyo 911 injini yake iko mahali ambapo mhandisi yeyote leo akianza moja hawezi kuiweka, sasa miaka sitini wanatumia akili nyingi kurekebisha kosa la mwanzo. Mi naita ni kumuogopa mteja.

#3 DadaMchoraji

Shikamoo fundi, na wengine habari zenu.

Mi nasomea ubunifu wa bidhaa hapa Stuttgart na jumba la makumbusho la Porsche liko Zuffenhausen, nimeshaenda mara nyingi hata walinzi wananisalimia. Nataka kuwaambia kitu nilichokiona kwa macho yangu. Ukisimama pale zilipopangwa, kwa mbali unaona gari moja. Ukisogea ukainama karibu hakuna kitu kinachofanana. Kwa hiyo nadhani swali lenyewe la taratibu au ghafla linatuchanganya kidogo, maana 911 imebadilika ghafla mara kadhaa tena vibaya sana kwa jinsi wapenzi wake walivyoona, ila chini ya ngozi.

Mabadiliko makubwa kuliko yote ni ya 1997, ile inaitwa 996. Walitupa injini ya hewa baada ya zaidi ya miaka thelathini wakaweka ya maji. Sheria za moshi na kelele zilikuwa zimebana, na ukitaka valvu nne kwa kila silinda kichwa cha injini kinapata joto ambalo upepo peke yake hauwezi kulitoa. Bodi pia ilikuwa mpya yote, mlango, kioo, paa, hakuna kilichotoka kwa ya zamani. Na kampuni ilikuwa imetoka kunusurika kufilisika, so wakaamua 996 na Boxster, ile Porsche ya bei ya chini, zitumie vipande vile vile vya mbele, pamoja na taa. Taa kubwa na indiketa vikaungwa kitu kimoja, kipande kimoja cha plastiki, rahisi kufunga kiwandani. Wajerumani wakaiita yai la kukaanga kwa sababu ile sehemu ya rangi ya chungwa ilikuwa kama kiini kimemwagika pembeni.

Sasa angalia watu walilia nini. Injini ya maji walilalamika mwaka miwili mitatu wakazoea. Ile taa hawakuisamehe. 2004 ilipokuja 997, kizazi kilichofuata, taa ya duara ikarudi, na haijatoka tena mpaka leo. Yaani moyo wamebadilishiwa wakakubali, jicho wakakataa. Mi hilo jambo limenifikirisha zaidi ya kitu chochote nilichofundishwa darasani.

#4 Mzee_wa_Safari

Vijana mnaongea vizuri. Mimi nitasema kama mtu aliyesimama kando ya barabara ya vumbi Pasaka nyingi na chupa ya chai na redio.

Huyu anayesema injini iliwekwa mahali pa makosa hajaona matope yetu. Gari yenye injini mbele na nguvu nyuma ikiingia kwenye ule udongo mweusi ukinyesha, nyuma inakuwa nyepesi inateleza tu. 911 uzito wote umekalia matairi yanayosukuma. Inachimba inatoka. Kwenye Safari Rally ya 1974 Björn Waldegård, dereva wa Sweden, alimaliza wa pili na 911, Joginder Singh akashinda na Mitsubishi Lancer. 1978 wakaja na zile SC za rangi nyeupe zenye mistari ya Martini, wadhamini wao, zimeinuliwa juu zina vyuma vya kuzuia mbele, Vic Preston Jr akamaliza wa pili, Waldegård wa nne. Peugeot ya Jean-Pierre Nicolas ndio iliwanyima. Kwa hiyo Safari yenyewe 911 haikushinda, na iliniuma.

Sasa sikilizeni. 2011 kwenye ile Safari Classic ya magari ya zamani inayopita Kenya na Tanzania, Waldegård karudi na umri wa miaka 68, msomaji wake wa ramani ni mtoto wake Mathias, gari ni 911. Akashinda. Kile alichokosa 1974 amekipata miaka 37 baadaye kwa gari ya aina ile ile, na kila mtoto aliyekuwa kando ya njia aliweza kusema hiyo ni Porsche bila kuambiwa. Gari ingekuwa imebadilishwa sura kila miaka saba huyo mtoto angejulia wapi?

#5 FundiBodi_Kisauni

Marahaba dada mchoraji. Mzee wa Safari umenirudisha mbali, ile ya 2011 nilikuwa kwenye timu ya kusaidia magari huku Pwani, kazi yangu ilikuwa kunyoosha kilichopinda usiku ili asubuhi gari itoke. Ndo nilipoona injini ya 911 ikishushwa mara ya kwanza. Inatokea chini, pamoja na giaboksi yake, bodi inanyanyuliwa juu inabaki inaning'inia na wale jamaa walifanya haraka mpaka nikadhani wanaiba.

Silinda8 nimekusoma mara mbili na nimekwenda kusoma habari za hiyo Corvette, na nakubali umenitikisa. Lakini kuna kitu hukukisema. Zora Arkus-Duntov, yule mhandisi wanayemuita baba wa Corvette, alikuwa anaitaka injini katikati tangu miaka ya 1960 mwanzoni, akajenga magari ya majaribio, kampuni ikamkatalia kila mara mpaka akastaafu mpaka akafariki 1996 hajaiona. Na huyo Duntov 1954 na 1955 alikimbia zile mbio za saa 24 za Le Mans na Porsche 550 yenye injini katikati na akashinda daraja lake miaka yote miwili. Kwa hiyo C8 kwa nje ni mapinduzi lakini ndani ya nyumba yao ni deni la zamani lililolipwa. Ilikuwa imo kwenye damu ya hiyo gari muda wote.

Halafu angalia kitu dada alichosema kinajirudia. Walipoleta C7, kizazi cha saba, modeli ya 2014, wakabadilisha taa za nyuma, zile za duara zikawa za kona kona, watu waliwaka kweli kweli! Taa tu. Duntov mwenyewe 1963 aligombana na Bill Mitchell, mkuu wa wachoraji wa magari pale General Motors, kwa ajili ya kioo cha nyuma kilichogawanywa na ufito katikati, akasema dereva haoni nyuma, na 1964 ufito ukaondolewa. Leo ile ya 1963 yenye ufito ndo inatafutwa kwa bei kubwa.

Kwa hiyo naanza kuona kwamba la muhimu ni kujua mabadiliko yametoka wapi. Yakitoka kwenye kazi ya gari, hata yawe makubwa namna gani, watu watakuja. Yakitoka kwa mtu wa hesabu anayetaka taa moja ikae kwenye gari mbili, hapo mteja anasikia harufu hata kama hajui kuieleza.

#6 Zedi240

Niongeze ya Japani wakuu. Datsun 240Z, 1969. Boneti ndefu, nyuma fupi, silinda sita za mstari. Huku kwetu ilishinda Safari 1971 na Edgar Herrmann, 1973 tena na Shekhar Mehta. Gari ya watu wa kawaida iliyowafanya wenye magari ya bei kubwa wakose usingizi.

Sasa Nissan wao walichagua njia ya pili, karibu kila kizazi sura mpya. 280ZX ikanenepa ikawa ya starehe. Z32 ya 1989, ile 300ZX, ilikuwa kama imetoka sayari nyingine, na mi naipenda ile, ni nzuri kupita kiasi, lakini ukiiweka pembeni ya 240Z hutajua kama ni ndugu. Ikawa nzito ikawa ghali, mwishowe 1996 wakaacha kuipeleka Marekani. 2002 wakarudi na 350Z. Halafu 2021 wakaonyesha hii mpya na ukiangalia mbele ni 240Z, ukiangalia taa za nyuma ni Z32. Wamezunguka miaka hamsini wamerudi nyumbani. Na chini yake ni msingi wa ile 370Z ya zamani, wamevisha tu.

Yaani wale waliobadilisha kila mara wameishia kunakili picha ya babu yao. Wale ambao hawakuacha hawakuhitaji kunakili. Mi natoa machozi nikiona 240Z lakini nasema ukweli.

#7 Futi_Kamba

Samahanini, nasoma huu uzi tangu juzi na naona wote mnasifia taratibu kama vile haina ubaya. Naleta namba.

911 ya kwanza: urefu milimita 4163, upana 1610, uzito kilo 1080.
911 ya kisasa, kizazi cha 992, Carrera ilipotoka 2019: urefu 4519, upana 1852, uzito kilo kama 1500.

Upana umeongezeka sentimita 24. Uzito zaidi ya kilo mia nne, hiyo ni ng'ombe mzima amepakiwa ndani. Hakuna siku hata moja mtu aliamka akasema 911 imekuwa gari kubwa, kwa sababu kila kizazi kiliongeza vidole viwili, kilo thelathini, na 2011 wheelbesi, yaani umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ikaongezeka sentimita kumi kwa mkupuo, kila mara sababu ni nzuri, usalama, matairi mapana, maeabegi, sheria. Haba na haba hujaza kibaba. Ukibadilisha ghafla angalau watu wote wanaona na wanapiga kelele. Ukibadilisha taratibu unaweza kupotea kabisa njia na sura bado ni ile ile, hakuna anayestuka. Ile sura inafanya kazi ya kukutuliza.

Kwa hiyo fundi, unayesema sura ibaki ndani mbadilishe mnavyotaka, je hiyo gari iliyo ndani ya hiyo sura bado ni ile?

#8 FundiBodi_Kisauni

Futi_Kamba hii post yako nimeisoma saa nne usiku nikavaa viatu nikarudi gereji.

Ninayo sehemu ya ndani yenye nguzo mbili za zege, zimeachana mita 3 na sentimita 40, naijua kwa sababu nimeijenga mimi. SC inaingia pale unafungua milango yote miwili, unashuka kama binadamu, na upana wake ni milimita 1652 tu. Mwaka juzi niliwahi kupaka rangi 911 ya kisasa ya mteja mwingine pale pale, nakumbuka nilikuwa nashuka kwa kujibana tumbo, mlango nimeuwekea kigodoro usigonge nguzo. Wakati ule nilidhani nimenenepa mimi.

Kwa hiyo nakubali. Hapa nilikuwa sijafika. Taratibu nayo inaweza kula gari ikaisha. Kinachoniuma ni kwamba ile habari ya madigadi kuonyesha matairi ipo bado kwenye gari mpya, wameitunza kwa adabu, lakini faida yake ilikuwa kupita kwenye njia nyembamba, na gari yenyewe ndo imekuwa pana. Wameweka ishara, kazi yake imepungua.

Sijabadilisha msimamo wote lakini umenipunguzia kiburi.

#9 Mwana_wa_Bara

Na umeme je? Maana haya yote mnayosema ya injini nyuma, ikija betri kuna sababu gani ya paa kuteremka vile

#10 DadaMchoraji

Mwana_wa_Bara hilo ndo swali tunaloulizana chuoni kila siku na wengine wanakasirikiana kabisa.

Jaguar Desemba 2024 walionyesha Type 00 kule Miami. Gari ya umeme, mapinduzi matupu, hakuna alama ya zamani waliyobakisha mbele. Lakini boneti ni ndefu sana, kama ya E-Type ya 1961. E-Type ilikuwa na boneti ndefu kwa sababu chini yake kulikuwa na silinda sita ndefu za mstari. Hii chini yake kuna nini? Kuna wanaoipenda na nawaheshimu, kwamba ina ujasiri. Mi nikiichora kwenye daftari mkono unakataa, kwa sababu nafunika kitu ambacho hakipo.

Kwa upande wa 911, 2024 waliweka mseto wa petroli na umeme kwenye toleo la GTS. Mota moja ndani ya giaboksi, nyingine ndogo kwenye turbo yenyewe, injini lita 3.6 imebaki kule kule nyuma, farasi 541 jumla, uzito umepanda kama kilo 50. Kaka Futi_Kamba najua utasema kibaba kingine hicho. Na ndani wametoa ile saa ya mzunguko wa injini ya mshale iliyokuwa katikati tangu mwanzo, sasa ni skrini yote. Wamechora duara tano kwenye skrini. Mi hilo limenigusa vibaya zaidi ya mota.

#11 Silinda8

Nimerudi. Fundi nakubali hoja ya Duntov, sikuijua hiyo ya Le Mans na Porsche. Ila na nyie mkubali kitu: Porsche ya kwanza kabisa, 356 namba moja ya 1948, injini ilikuwa katikati. Wakaisogeza nyuma ya ekseli ili wapate nafasi ya mizigo na viti. Na gari yao ya mashindano 911 RSR tangu msimu wa 2017 wakaigeuza, injini imekuja mbele ya ekseli ya nyuma, kwa sababu kule hakuna mteja wa kubembeleza, ni saa tu inayohesabu.

Kwa hiyo hata mnachoita asili ni uamuzi wa mtu, siku moja, kwa sababu ya siku hiyo. Viti viwili vya watoto. Hilo likifa, likawa hakuna anayepandisha mtoto pale, basi wawe na moyo wa kuanza upya.

#12 Mzee_wa_Safari

Silinda8 mimi wanangu wawili wamekulia kwenye viti kama hivyo vya nyuma, gari ya rafiki yangu, Nairobi mpaka Naivasha, magoti kidevuni na walikuwa wanagombania zamu. Usiseme viti vya watoto kana kwamba ni sababu ndogo. Gari ya mbio ambayo baba anaweza kumpeleka mtoto shule, hiyo ndiyo 911, na Corvette yako haina kiti cha tatu.

#13 Silinda8

Hapo mzee sina jibu.

#14 FundiBodi_Kisauni

Wakuu nimewaweka sana, narudi na majibu ya mteja.

Jana alikuja. Sikumhubiria. Nilimkalisha chini mbele ya gari nikamuonyesha bampa ile anayotaka nitupe. Kuanzia modeli ya 1974 Marekani walitaka bampa ihimili kugongwa kwa mwendo wa kama kilomita 8 kwa saa bila gari kuharibika. Wengine walining'iniza vyuma kama reli mbele ya magari mazuri. Hawa walitengeneza bampa ya aluminiamu, nyepesi, ya rangi ya gari, na pembeni pale inapokutana na digadi wakaweka mpira uliokunjwa kunjwa kama kodiani, ukigongwa bampa inarudi ndani mpira unajikunja, bati haliguswi. Nikachukua mkono wake nikauweka pale kwenye mikunjo. Ya kushoto imepasuka kwa jua, ya kulia bado laini.

Halafu nikakwangua rangi kidogo chini ya digadi, nikamuonyesha kijivu kinachong'aa. Zinki. Kuanzia modeli ya 1976 bodi zote za 911 zilitiwa zinki, ndo maana gari imelala chini ya mwembe, upepo wa bahari unapiga, na bado sakafu nzima. Zile za 1973 anazozitaka hazina hiyo kinga bodi nzima. Nikamwambia nikiing'oa hii mbele, boneti na madigadi nitakayofunga yametengenezwa jana na mtu asiyejulikana, bati tupu, na kwa chumvi ya hapa miaka mitano utanirudia. Na utakuwa umetoa kitu kilichofikiriwa vizuri ukaweka picha ya kitu cha zamani.

Akakaa kimya muda. Akaniuliza, baba aliinunua ikiwa na bampa hizi? Nikamwambia namba zote zinalingana, ilizaliwa nazo. Akasema basi ziache.

Taa za LED hakukubali kuziacha. Anasema anaendesha usiku Mombasa kwenda Malindi na za zamani haoni ng'ombe. Nikafikiria, nikaona ana haki, ni kazi ya gari hiyo. Tumekubaliana tutabaki na duara ile ile na kioo kile kile cha nje, balbu tu ndani ndo ibadilike, na ikimchosha inarudishwa kwa dakika kumi.

Na yule kijana wangu leo asubuhi nimemkuta amekaa ndani ya SC peke yake, mlango umefungwa, anatazama mbele. Sikumsemesha. Alipotoka akauliza kama anaweza kunyoosha digadi la kulia yeye mwenyewe. Nimempa nyundo ya mbao, na mipira ya bampa jozi nzima nimeshaagiza.